Fundi Anajibu: Pikipiki ya injekta ikipanda mlima

Mwezi huu meseji nyingi zimekuja za kitu kimoja, watu wanapanda milimani na pikipiki zao na wanarudi na malalamiko. Nimechagua zile zinazobeba wengine, mlioniuliza breki na betri mnisubiri toleo lijalo.

Swali: Fundi habari za kazi. Nina pikipiki ya cc 200 ya injekta, nimetembea nayo Dar haijawahi kunisumbua hata kidogo. Juzi nimetoka nayo hadi Njombe halafu nikapanda Kitulo. Morogoro na Mikumi safi, Kitonga ikaanza kuchoka, kufika Njombe ndo nikaona kabisa nguvu hamna, gia ya tano inakataa inataka ya nne. Kuna fundi kule akaniambia nimwachie abadilishe jeti, nikaondoka zangu. Je niliwekewa mafuta mabovu au injini ndo imekufa? *Msomaji, Tabata*

Jibu: Salama kaka. Ulifanya vizuri kuondoka maana jeti ni kitundu cha kupimia petroli kwenye kabureta, na pikipiki ya injekta, inayopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta, haina jeti za kubadilisha, sijui huyo angefungua nini. Injini yako nzima na mafuta huenda hayana shida. Iko hivi, Dar uko usawa wa bahari, pale presha ya hewa ni kama kilopaskali 101. Iringa mjini ni mita 1,600 hivi, Njombe karibu 2,000, Kitulo kule juu inafika 2,600. Ukiwa Njombe presha imeshashuka hadi kwenye 79 na Kitulo inacheza 74. Silinda yako ni ileile, pistoni ikishuka inavuta ujazo uleule, ila ndani ya huo ujazo hewa yenyewe ni chache na oksijeni ndo imepungua nayo, na petroli bila oksijeni haiungui. Hesabu ya haraka tunayotumia mafundi ni kwamba kila mita 1,000 unazopanda injini inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu. Sasa chukua nguvu za farasi 20 za Dar, Njombe umebaki na 16, Kitulo 15, na begi ulilofunga nyuma halijapungua kitu na mlima ndo kwanza unaanza, lazima gia ya tano ikatae.

Hapa ndo wengi wanachanganya. Mtu anaambiwa dukani injekta inajirekebisha yenyewe milimani, basi anaelewa haitapoteza nguvu. Si kweli bana. Injekta inarekebisha mafuta, hewa haikurudishii. Hewa ikipungua kompyuta inapunguza petroli ili uwiano usiharibike, ule wa vitabuni wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, kwa hiyo injini inaungua vizuri, plagi inabaki na rangi nzuri, haimisi, haitoi moshi mweusi, ila inachoma kidogo na inazalisha kidogo. Ukitaka nguvu zenyewe zirudi inabidi usukumie hewa kwa tabo au supachaja, na kwenye pikipiki za kununua dukani hiyo ni Kawasaki H2 na nyingine za kuhesabu, siyo yako wala yangu.

Inajuaje kama imepanda? Haijui mlima, inajua presha. Pale kwenye throtobodi, kile kipande chenye kisahani kinachofunguka ukinyonga mkono, kuna sensa inayosoma presha ya hewa inayoingia kwenye injini, kuna nyingine ya joto la hewa, na nyingine inayosoma kisahani kimefunguka kiasi gani. Kompyuta inachukua hizo pamoja na mzunguko wa injini inapiga hesabu injekta ifunguliwe kwa muda gani, na muda wenyewe ni milisekunde chache tu kila mara, mlimani inafupisha, ukishuka inarefusha. Pikipiki nyingi ukiwa umenyonga kidogo zinategemea zaidi ile presha ya ndani, ukinyonga sana zinategemea zaidi kisahani na mzunguko halafu zinasahihisha kwa presha ya hewa ya nje. Nyingine kubwa kubwa zina sensa ya pili kabisa ya hewa ya nje, imejificha chini ya siti au pembeni. Halafu kwenye ekzosi kuna sensa ya oksijeni, hii inanusa moshi na kumwambia kompyuta mafuta yamezidi au yamepungua, ila hii inasikilizwa ukiwa unatembea kistaarabu, ukinyonga mpaka mwisho kwenye kona za Chimala kompyuta haimsikilizi tena inafuata hesabu zake za ndani. Ndo maana ile sensa ya presha ni muhimu kuliko hii, hata kama hii ndo wauza ekzosi wanaipigia kelele.

Kwa safari za kwenda na kurudi usiguse kitu. Shusha gia mapema, iache injini izunguke juu kidogo, usiilazimishe na gia kubwa mzunguko uko chini maana hapo unaitesa bure. Kama unahamia Njombe jumla, hapo badilisha spoketi ya mbele, kama ni ya meno 14 weka 13, inavuta vizuri zaidi kwa kama asilimia 8 na spidi ya mwisho inapungua kiasi hichohicho, ambayo huku juu hukuwa unaifikia hata hivyo.

Swali: Niaje fundi. Mimi ni wa boda Burnt Forest, nabeba watu hadi Timboroa na mara nyingine nashuka Nakuru. Niko na pikipiki ya kabureta cc 150. Rafiki yangu ako na ya injekta, yake plagi iko sawa, yangu nikitoa plagi ni nyeusi kama makaa na inakunywa mafuta vibaya. Makanika amenishow nitoe filta ya hewa ndio ipumue. Ama niweke injekta? *Wa boda, Uasin Gishu*

Jibu: Poa sana mkuu. Filta irudishe leo leo. Ukiitoa plagi itasafika kidogo ndiyo, halafu vumbi la murram litakula ringi na silinda na utaanza kunywa oili badala ya petroli, hesabu yake utaiona gereji.

Timboroa uko kwenye mita 2,700 na kitu, presha ya hewa imebaki kama asilimia 71 ya ile ya Mombasa. Kabureta haina akili ya kujua hilo. Yenyewe inategemea hewa ikipita kwa kasi inanyonya petroli kupitia kitundu cha jeti, na kitundu ni kilekile ulichotoka nacho kiwandani, pengine kimepimwa kwa mtu wa pwani. Hewa ikiwa nyepesi mafuta nayo yanapungua lakini hayapungui sawa na hewa, hewa inapungua sana mafuta kidogo. Kwenye mita 2,000 mchanganyiko unakuwa umezidi mafuta kwa kama asilimia 10 na kwako ni zaidi. Petroli isiyopata hewa ya kuungua ndiyo hayo masizi kwa plagi, na ndiyo pesa yako inatoka kwa ekzosi. Kwa hiyo ninyi wa kabureta mnapigwa mara mbili, hewa imepungua kama ya kila mtu halafu na mafuta yamezidi juu yake. Huyo rafiki yako anapigwa mara moja tu. Kabureta zile za mpira wa dayaframu zina nafuu kidogo, kidogo tu.

Dawa yako ni rahisi na haihitaji injekta. Mwambie makanika ile jeti kuu aibadilishe, aweke yenye tundu dogo zaidi kwa namba moja au mbili, na ile sindano aishushe, yaani kipini kihamie mfereji wa juu. Kisha skrubu ya hewa asikilize injini ikiwa imesimama arekebishe. Endesha siku kadhaa toa plagi uangalie, ukiona kahawia umefika. Lakini sikia, siku ukienda kukaa Mombasa rudisha vitu vyake, maana ukiwa bahari na jeti ya Timboroa hewa itazidi, injini itachemka na hapo unaweza kutoboa pistoni.

Kuweka injekta kwenye pikipiki ya kabureta inawezekana lakini si kubadilisha kipande kimoja, unataka pampu ndani ya tanki inayosukuma kwa presha ya kama ba 3, kompyuta, sensa zote nilizotaja huko juu, na umeme wa kutosha kuviendesha vyote. Ukijumlisha bora uuze ununue iliyokuja nayo. Nazo zimeanza kujaa maana kule India tangu Aprili 2020 sheria za moshi za BS6 zimefanya viwanda vingi viachane na kabureta ya kawaida, na pikipiki zetu nyingi si zinatoka kulekule.

Swali: Fundi, mimi ni dada naendesha mwenyewe kwenda kazini. Nilinunua pikipiki ya injekta mkononi kwa mtu Mombasa, ikawa sawa kabisa huko. Nimehamia Limuru, sasa inanuka petroli, inatoa moshi mweusi asubuhi na mafuta inakula kuliko zamani. Si mmesema injekta inajirekebisha? Taa ya injini haijawahi kuwaka. *Msomaji, Limuru*

Jibu: Dada hapo umenipa jibu mwenyewe kwenye hiyo sentensi ya mwisho. Fungua swichi bila kuwasha injini, angalia ile taa ya injini kwenye dashibodi. Inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime. Kama haiwaki kabisa hata hizo sekunde chache basi taa yenyewe imeungua au kuna mtu aliichomoa kabla ya kukuuzia, na sitaki kumsema mtu nisiyemjua ila hiyo michezo ipo.

Nashuku sensa ya presha. Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu hizi sensa, zikifa kompyuta haikuachi njiani, inaweka namba ya kudhania iendelee na maisha. Kwenye Suzuki kwa mfano namba hiyo ni milimita 760 za zebaki, na hiyo ni presha ya usawa wa bahari. Unaona sasa? Sensa imekufa, pikipiki iko Mombasa, kompyuta inadhania iko bahari na kweli iko bahari, kila kitu kinaenda. Ukaipandisha Limuru kwenye mita 2,200, kompyuta bado inaamini iko Mombasa inamwaga petroli ya Mombasa. Hapo injekta yako imegeuka kabureta, tena isiyo na skrubu ya kurekebisha.

Kabla ya kununua sensa angalia kile kimpira kinachotoka kwenye throtobodi kwenda kwenye sensa, kwa pikipiki zenye nacho. Kikipasuka au kikichomoka sensa inasoma hewa ya nje muda wote, kompyuta inafikiri umenyonga mpaka mwisho, inamwaga mafuta. Kipande cha mpira tu, bei ya soda. Kama ni mzima, tengeneza hiyo taa kwanza, maana taa ikiwa hai itakuambia yenyewe kwa kupepesa. Kwenye Honda nyingi ndogo ikipepesa mara moja ni sensa ya presha, fupi tisa ni joto la hewa, ndefu mbili na fupi moja ni ya oksijeni, ndefu inahesabiwa kumi. Kampuni nyingine zina namba zao, ziko kwenye kitabu. Fundi anayeanza kubadilisha vipuri kabla hajasoma taa mwambie asante ondoka.

Swali: Assalaam alaykum. Niko Muscat, nina pikipiki kubwa, wikiendi tunapanda na jamaa kuelekea Jebel Akhdar. Cha ajabu nikiwa juu naona inakwenda vizuri kuliko mchana wa Julai hapa mjini. Na je kule juu nibadilishe petroli, niweke 91 badala ya 95? *Msomaji, Muscat*

Jibu: Wa alaykum salaam. Si ajabu. Joto nalo linapunguza hewa. Hewa ya nyuzi 40 ni nyepesi kwa kama asilimia 8 kuliko ya nyuzi 15, kwa hiyo Muscat mchana wa kiangazi injini yako inapumua kama iko kwenye mita 800 na zaidi wakati uko ufukweni umesimama. Kule juu Jebel Akhdar, kwenye Saiq mita 2,000 presha ni ndogo, lakini asubuhi ya baridi inakurudishia sehemu. Kwa vipimo bado juu una nguvu pungufu, ila injini haichemki, wewe mwenyewe hukauki koo, feni hailii, unaona raha. Watu wa Dar mwezi wa pili wanajua hiki kitu hata kama hawana mlima. Na ndo kazi ya ile sensa ya joto la hewa, presha peke yake haitoshi kujua hewa ni kiasi gani.

Petroli, hizo namba 91 na 95 ni oktani, yaani uwezo wa petroli kuvumilia presha bila kuwaka ovyo, ambako ndiko injini kugonga. Ni kweli ukiwa juu injini haigongi kirahisi maana presha ndani ya silinda imepungua, ndo maana kule Marekani majimbo ya milima kama Colorado wanauza mpaka ile ya 85 kwa kipimo chao. Lakini wewe jioni unarudi Muscat kwenye joto na tanki bado lina ile ya bei rahisi. Weka ilivyoandikwa kwenye kitabu basi, tofauti ya bei haifiki hata kahawa.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi kijana niko Makete, pikipiki ya injekta, asubuhi baridi kali inawaka halafu ikisimama inazima, mpaka niishikilie na mkono. Ikipata moto iko sawa. Petroli huku tunanunua ya chupa. *Msomaji, Makete*

Jibu: Marahaba mwanangu. Mbili hizo. Kwanza, injini ikiwa haijanyongwa kisahani kimefungwa karibu kabisa, hewa inapita kwenye njia ndogo pembeni, na pikipiki nyingi zina kivalvu kinachofungua hiyo njia zaidi injini ikiwa ya baridi. Huko kwenu hewa yenyewe ni chache kwa hiyo hiyo njia inatakiwa ifunguke zaidi ya ilivyokuwa inafunguka Dar. Sasa ikiwa na masizi, pwani inatosha tosha, Makete haitoshi, inazima. Fungua throtobodi isafishwe kwa dawa ya kusafishia kabureta na kitambaa laini, usikwangue na bisibisi, na usizungushe skrubu iliyopakwa rangi pale pembeni ile imepimwa kiwandani. Pikipiki nyingine baada ya kusafisha zinataka kufundishwa upya, utaratibu uko kwenye kitabu chake.

Pili hiyo chupa. Kabureta inasamehe maji na uchafu, unafungua skrubu ya chini unamwaga unaendelea na safari. Injekta haisamehi. Tundu zake huzioni kwa macho vizuri, na pampu iko ndani ya tanki inapozwa na kulainishwa na petroli hiyohiyo, ukiipa maji na mchanga unaiua. Nunua kituoni ukipata, ukikosa chuja kwa kitambaa kizito au chujio la maana halafu iache kwenye chupa ya kuonekana itulie, maji yatakaa chini, mimina ya juu tu. Na usitembee tanki likiwa linakaribia kukauka, uchafu wote uko chini.

Wengine mmeuliza kama ni kweli ukipanda mlima mrefu usimame uzime swichi uwashe tena. Kwa baadhi ya mifumo ndiyo ina maana, ile isiyo na sensa ya pili ya hewa ya nje inapima presha ya nje pale unapofungua swichi kabla injini haijazunguka, kwa hiyo ukipanda kutoka Chimala hadi Matamba bila kuzima inaweza kuwa bado inatembea na kipimo cha chini. Nyingi zinajisahihisha zenyewe ukinyonga mpaka mwisho. Ukiona inasitasita huko juu simama, zima, hesabu kumi, washa, haigharimu kitu na utakuwa umepumzika.

Na yule wa boda ya umeme Nairobi, yako haivuti hewa, mwinuko hauipunguzii nguvu hata kidogo. Inachokula ni kupanda kwenyewe na baridi kwenye betri, kwa hiyo angalia chaji siyo presha.

Swali: Fundi sisi huku tukishuka mlima tunazima injini tunaachia frii, kuokoa mafuta. Nimenunua ya injekta, niendelee? *Msomaji, Mafinga*

Jibu: Acha kabisa. Kwenye injekta ukiachia mkono gia ikiwa ndani na injini inazungushwa na tairi, kompyuta inakata petroli yote, injekta hazifunguki, matumizi ni sifuri mpaka mzunguko ushuke karibu na wa kusimama ndo zinafungua tena. Ukiweka frii injini ikiwa inanguruma, hapo ndo inakunywa. Na ukizima swichi kabisa umekosa breki ya injini, taa za mbele na za breki zimezima, Kitonga kuna malori yanapumua nyuma yako, na breki za pikipiki zikishapata moto kwenye mteremko mrefu mkono unakwenda mpaka kwenye hendo na pikipiki haisimami. Shuka na gia ya tatu au ya pili, mkono umeachia, mafuta hayaendi popote.